Wimbo wa Mama Wakati wa Kupiga Maharagwe

Vumbi la maganda ya maharagwe lina harufu yake, kavu, chungu kidogo, inayokaa kooni hadi jioni. Nikiisikia hata leo, mkono wangu hutafuta fimbo kabla sijafikiri lolote, na wimbo wa mama huanza wenyewe.

Mama alikuwa mtu wa milima ya Masisi. Aliolewa mbali, Ntoto, kule msituni Walikale, na alichobeba kutoka kwao, ukiacha jembe na sufuria, kilikuwa wimbo mmoja wa kumwomba Mungu huruma. Aliuimba akipiga maharagwe makavu kwa fimbo ili yatoke magandani. Ulikuwa wimbo wa ajabu. Ulikaa mahali pamoja, ukapanda kidogo kama mtu anayechungulia juu ya ua, ukarudi ulikotoka. Halafu, katikati, mama alinyamaza. Fimbo ilibaki juu, macho yake upande wa milima, kisha akaishusha na kuendelea. Mimi nilidhani amechoka.

Baba alitangulia kufa, mama akamfuata. Nikaacha shule, nikamfunga mgongoni Furaha, kitindamimba wetu, nikawashika mikono wadogo zangu wengine wawili, tukapanda hadi kwa mjomba, Masisi. Mama alizoea kusema kwamba mtoto wa kwanza ni jiwe la mafiga: anakaa motoni ili chungu kisianguke. Hakusema jiwe linapumzika lini.

Furaha hakumkumbuka mama hata sura. Basi nilimpa wimbo ule. Niliuimba pamoja na ukimya wake, mpaka naye akaujua, akawa anainua kijiti chake mahali palepale. Hakuwa na urithi mwingine.

Miaka ileile misa ilianza kusomwa kwa Kiswahili, na parokia haikuwa na nyimbo. Ndipo watu walipomkumbuka Papa Anselmi; kwetu kila mzee huitwa papa. Alikuwa katekista, tayari marehemu, aliyetunga nyimbo nzuri zisizoruhusiwa kanisani, maana mapadri wa zamani walitaka Kilatini tu. Ziliimbwa mashambani, kisha zikasahauliwa. Karatasi zake zilikwisha kuliwa na mchwa. Papa Kalinda, kiongozi wa kwaya, akaanza kuzikusanya kutoka vinywani mwa watu.

Siku moja Mama Veronika, mwenye sauti nyembamba kuliko wote, aliimba wimbo aliofundishwa na Papa Anselmi alipokuwa msichana. Nilishtuka. Maneno yalikuwa ya wimbo wa mama, ingawa sauti zilipita njia nyingine! Nikaomba niimbe nami. Nilisimama mbele ya kwaya peke yangu, nikaimba, wakaangua kicheko.

"We mutoto," akasema Mama Veronika, "hiyo iko wimbo ao iko mbuzi inakataa kamba?"

"Mama njo aliimba vile," nikajibu, kwamba ndivyo mama alivyouimba.

"Basi mama yako alikosea. Sikiliza mimi."

Wake ulikuwa mtamu, siwezi kukataa, na utamu huo ndio uliokuwa taabu yangu. Haikuchukua muda, Furaha akawa anauimba uani. Nilipomrudisha kwenye wa mama, alilia. "Dada, ile yako iko mubaya." Sikumpiga. Nilikwenda kukaa nyuma ya migomba. Niliona mama anakufa mara ya pili, na safari hii ndani ya nyumba yetu.

Msimu wa maharagwe ulipofika, kwaya ilikwenda kupiga ya parokia, nami nikafuatana nao. Mama Veronika akaanza wimbo, Papa Kalinda akaunguruma chini yake. Nilikuwa nimechoka kuchekwa na kubishana na mtoto. Sikutaka kushinda. Nilitaka kuimba wa mama kwa sauti yote mara moja tu, halafu niuache. Nikaimba, macho kwenye maganda. Nikafika penye ukimya, nikainua fimbo, na humo ndani ya ukimya sauti ya Mama Veronika ikapita juu, peke yake, kama maji yaliyopata mfereji wake. Nikashusha fimbo, tukaendelea pamoja. Wa mama haukuwa mbaya tena. Ulikuwa umeushika wa mwenzake kwa chini, kama mkono chini ya kibuyu.

"Musiache!" akapaza sauti Papa Kalinda. "Muendelee! Njo ile ilikuwa inakosekana!"

Baadaye alitueleza. Papa Anselmi alifundisha kila sauti mahali pake: wasichana mtoni, wanawake penye maharagwe, wanaume njiani, kisha akawaunganisha. Wanawake wa sauti ya pili walikuwa wamekufa au wameolewa mbali. Yeye Kalinda alisikia pengo, lakini hakujua cha kuliziba.

Mama Veronika alijipangusa uso. "Mutoto wa mwenzangu, unisamehe. Lakini ikiwa peke yake, ile iko mbuzi kabisa."

Tulicheka wote. Furaha akanivuta nguo. "Dada, sasa mimi niimbe gani?"

"Imba ya Mama Veronika," nikamwambia. "Ya mama niko nayo."

Ilinichukua miaka, mpaka wadogo zangu wote walipokwisha kuondoka, kuelewa kwamba penye ukimya ule mama hakuwa anapumzika. Alikuwa akiwapisha wenzake waimbe, kule milimani ambako hawakumsikia, akiwangoja wamalize.

Siku hizi nami husimama hivyo, fimbo juu. Wajukuu husema bibi amechoka. Kuchoka, kweli nimechoka. Lakini Furaha aliolewa mbali, na sehemu yake bado haijaisha.