Ruqiya na Herufi za Vyumba Viwili

Mzee Shueib alikuwa amekwisha kukubali moyoni kwamba macho yake yamekwisha kazi. Wiki ile waendesha boda walimrudishia breki alizowatolea stoo, wengine kwa matusi. Masese wa Marani, anayeteremka milima na abiria kila siku, aliomba za nyuma akapewa za mbele. "Mzee, unataka niue watu?" alifoka.

Zaki, mpwa wake na mwenye duka la vipuri mjini Kisii ambako mzee alitunza stoo, alifungua orodha kwenye simu yake. Kila nambari ya droo ilikuwa mahali pake. "Mjomba, pumzika tu nyumbani. Nitatafuta mtu mwingine wa stoo."

Mzee alichomwa moyo. Tangu mkewe afariki, stoo ile ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani asubuhi.

Hata hivyo, aliitwa kwanza mtu wa kuangalia kompyuta ya stoo, ambamo mzee husoma nambari za droo. Aliyekuja ni Ruqiya, binti wa Luul muuza vitenge. Nusu ya mji humtegemea, kuanzia kwa mwoka mikate hadi ofisi za matatu, na hakuna aliyewahi kumsikia akimcheka mtu asiyejua. Programu ya stoo aliiandika yeye mwenyewe: skrini nyeusi, maandishi meupe, basi, maana kompyuta yenyewe ni kuukuu na haibebi madoido. Majuzi aliongeza jina la Kichina mbele ya nambari za droo za kila kipuri, ya MBELE na ya NYUMA, ili oda za China zisichanganywe.

Fundi mwingine angeanza kubonyezabonyeza. Ruqiya alivuta kreti, akaketi.

"Babu, hebu nisomee vile wewe husoma kila siku."

Kwa aibu, Shueib akatoa rula yake ya mbao, aliyobaki nayo tangu enzi za kuuza vitambaa. Akaisimamisha kwenye skrini chini ya neno NYUMA, akaishusha. Ndivyo asomavyo: hafuati mstari, hufuata safu. Rula ikagota kwenye nambari ya droo. Ruqiya akaukagua mstari uleule kwa kidole. Nambari ile ilikuwa ya breki za mbele. Ilikuwa imesukumwa hadi kwenye safu ya jirani yake.

Kwanza alishuku umbo la maandishi ya skrini; akalibadilisha, wapi! Ndipo akaandika herufi nne za kawaida, na chini yake nne za Kichina. Zile za Kichina zikafika mbali maradufu. Skrini hiyo imegawanywa vyumba vidogo kama miraba ya karatasi ya hesabu: herufi yetu hukaa chumba kimoja, ya Kichina hujaza viwili, na programu ilikuwa ikihesabu herufi badala ya vyumba. Kwenye simu kila kitu hupangwa ndani ya sanduku lake, ndiyo maana Zaki hakuona kasoro.

Akairekebisha ihesabu vyumba. Safu zikanyooka. Angeweza kuondoka kimya, na nani angejua? Badala yake alimwita Zaki mbele ya wateja, Masese akiwemo.

"Macho ya babu ni mazima kuliko yangu. Programu ndiyo iliyokosea, na niliyeiandika ni mimi. Nisamehe, babu."

Shueib akageukia rafu ili wasimwone akijifuta uso. Saa hiyo alimpenda binti yule kama wa kumzaa.

Zaki alikuna kichwa. "Mjomba, mimi..."

"Masese anangoja breki za nyuma," mzee alisema. "Sogea nipite."