Pikipiki ya Nesi Mwanahamisi

Siku yangu ya kwanza karakana, Mtwara mjini, sikupewa spana. Fomeni wetu, mtu mfupi asiyependa maneno mengi, alinipandisha kwenye pikipiki iliyosimama, akaniambia nishike usukani na kusema ninachosikia mikononi. Nikasema sisikii kitu. Akanirudisha tena. Asubuhi nzima ikaishia hapo, na mimi nimenuna.

Alichokuwa akinifundisha ni kwamba pikipiki ikiyumba, ugonjwa unaweza kukaa mahali pengi. Shingoni mwa usukani kuna beringi mbili. Zikilegea, usukani unagonga ukishika breki. Zikikazwa mno, unakuwa mzito na pikipiki inatangatanga kama mlevi. Nyuma kuna mkono unaoshika gurudumu, nao una bushi, vile vipete vinavyozuia usicheze. Bushi zikiisha, gurudumu linafuata njia yake na wewe yako. Bado spoku, bado upepo wa tairi. Fomeni alikagua vyote hivyo kabla ya kufungua nati hata moja.

Baadaye nikahamia Nanyamba, kwenye karakana ya mradi mmoja wa afya. Bosi wetu huko alikuwa Meneja wa Usafiri, ambaye kwake kila kuyumba ni usukani. Kadi ya kazi ilikuja imeshaandikwa: kaza usukani. Unakaza, inarudi, unakaza tena. Nilichoka, lakini nilikaza.

Halafu kulikuwa na adabu ya watu wa kule, iliyonitesa kuliko vumbi. Kumpelekea fundi chombo na mzigo juu waliona ni kumkosea heshima. Basi wanashusha kila kitu nyumbani, wanaosha pikipiki, ndipo wanakuja. Unaijaribu ikiwa tupu, inakwenda vizuri, unaapa ni nzima.

Ndivyo nilivyomfanyia Nesi Mwanahamisi, aliyekuwa akipeleka chanjo vijiji vya upande wa Mto Ruvuma. Mara tatu alikuja akisema pikipiki inatikisa kichwa akifika gia ya tatu, na mara tatu nikaijaribu ikiwa imeoshwa inang'aa. Mara ya tatu, mbele ya madereva wote waliokuwa uani, nikamwambia, "Dada, pikipiki nzima. Wewe ndiye huijui."

Wakacheka. Wiki ile ile akaanguka, akateguka mkono, na Meneja akaamua pikipiki apewe mwanamume, yeye abaki kukaa zahanati.

Alinifuata mkono ukiwa umefungwa, akaomba kitu kimoja tu: niende nikaipande kama inavyotoka zahanati siku ya chanjo. Nikaenda, nanung'unika njia nzima. Sanduku la chanjo lilikuwa limejaa barafu, limefungwa kwenye keria ya chuma iliyochomelewa ikapita nyuma kabisa ya gurudumu. Nikapanda. Gia ya tatu, usukani ulinipiga kulia na kushoto, nikaishia kwenye mihogo ya watu. Mzigo ulikuwa unanyanyua gurudumu la mbele, bushi zimekwisha, na nati ya usukani nimeikaza mwenyewe mpaka usukani haugeuki sawasawa.

Nilikata keria, nikasogeza sanduku mbele karibu na kiti, nikabadilisha bushi, nikalegeza nati kiasi, mpaka nikinyanyua gurudumu la mbele usukani ukawa unaanguka wenyewe upande huu na ule. Ikatulia. Nikaingia ofisini kwa Meneja, nikafunga mlango, nikamweleza. Nesi akarudishiwa pikipiki yake.

Alipokuja kuichukua hakunipa asante. Aliuliza kama nimewaambia na madereva. Nikajibu kwamba nimemwambia Meneja, inatosha.

"Fundi," akasema, "kosa langu ulilitangaza uani. Lako umelisemea chumbani."

Sasa nimestaafu, nakaa Magomeni, na mafundi wa jirani bado wanakaza usukani wa kila bodaboda inayoyumba, mpaka chai hainipiti kwa hasira. Nikiwaambia waipande na mzigo wake, wananiita mzee wa zamani. Lakini haki ya kuwafokea sina. Wale madereva wametawanyika, wengine wameshafariki, nao wamekwenda wakiamini yule nesi hakujua kuendesha. Alijua. Aliendesha chombo kilichokuwa kikimtupa, kwenye mchanga, na chanjo zikafika. Asiyejua alikuwa fundi.