Jumanne Niliyomwaga Oili

Mama mkwe wangu alikuwa akija kwetu Jumanne kwa sababu Jumanne mimi nilikuwa kazini. Asidhaniwe vibaya. Kwao, upande wa Kongwa, katika ukoo wao, mama hakutani uso kwa uso na mume wa binti yake. Hawaitani majina, hawali pamoja, na wakielekea kukutana njiani mmoja wao hupinda na kuingia vichakani. Mimi ninatoka mkoa mwingine, ambako mama mkwe huketi mezani akakuuliza mbona umekonda, kwa hiyo mwanzoni niliuona utaratibu huo kama zawadi ya harusi. Kwa miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa nimeuona mgongo wake mara kadhaa, na uso wake kwenye picha moja tu, tena amejifunika nusu.

Tulipatana sana kwa njia hiyo. Alileta karanga na unga wa mtama asubuhi, nami nikavikuta jioni. Mimi niliacha sukari na mche wa sabuni juu ya meza, naye akaondoka navyo. Nyumba yetu ya Area D, Dodoma mjini, ilikuwa kama ofisi ya zamu: mmoja anatoka, mwingine anaingia.

Kisha nikapunguzwa kazini. Ilikuwa ile miaka ambayo mashirika ya umma yaliuzwa au kufungwa, maduka yakajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, na watu waliokuwa wakigawa vibali vya kununua vitu hivyo wakakosa cha kufanya. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na shahada ya mipango, na nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa hilo. Nilipewa kiinua mgongo, na chote nikakinunulia pikipiki mpya, nikikusudia kusambaza dawa za mifugo vijijini. Sasa biashara ilikuwa huru, na mimi pia nilikuwa huru, kwa maana kwamba hakuna aliyenihitaji mahali popote.

Mke wangu alisema tusimwambie mama kwanza, mpaka mambo yakae sawa. Mama alikuwa akijisifu kijijini kwamba mkwewe ni mtu wa ofisi. Basi kila Jumanne aliyotarajiwa, nilivaa shati la kazini, nikachukua mkoba wangu wa ngozi, nikatembea hadi Makole kwenye duka la rafiki yangu, nikakaa nyuma ya magunia ya mchele mpaka jioni. Pikipiki niliificha kwa jirani. Mkoba ulikuwa na gazeti la juzi na ndizi mbili. Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba ofisi ni gereza. Hawajajaribu kukaa nyuma ya mchele.

Jumanne ninayoieleza, mama hakutarajiwa. Karanga zilikuwa bado hazijapukuchuliwa, mke wangu akasema hatakuja kabla ya mwisho wa mwezi, kisha akaenda sokoni. Nikaona nafasi ya kuifanyia pikipiki sevisi yake ya kwanza. Aliyeniuzia alisema sevisi hiyo ifanyike Dar es Salaam, la sivyo garantii inakufa, jambo lililonifanya nijiulize garantii gani hiyo inayoishi mbali na pikipiki yenyewe. Mafundi wa mjini niliwaogopa. Lakini sababu ya kweli ni kwamba kwa miezi mingi sikuwa nimefanya jambo lolote likaisha, nami nilitaka kukaza nati moja na kusema, hii nimeikaza mimi.

Kitabu kilieleza vizuri. Washa injini kidogo ipate joto, ili oili iwe nyepesi. Zima. Weka karai chini. Fungua nati ya kumwagia. Acha ichuruzike yote, rudisha nati, kisha mimina oili mpya. Nilifuata kama msomi, yaani nilisoma sentensi moja, nikatenda, nikaisoma tena nikiwa na wasiwasi. Kitabu hakikusema kwamba oili moto hutoka kwa kasi kuliko karai linavyotarajia. Ilinishukia mkononi hadi kwenye kiwiko, ikaingia kwenye suruali, ikashuka hadi kwenye soksi. Hata hivyo nilivumilia mpaka tone la mwisho, nikarudisha nati, nikaikaza. Oili mpya ilikuwa chumbani, chini ya kitanda. Nikasema nioge kwanza, nisije nikachafua shuka.

Bafu letu lilikuwa nje, limeshikana na choo, na vyote viwili vilitumia mlango mmoja wa bati. Halikuwa na paa, na ukuta wake ulinifika kidevuni. Suruali niliiloweka kwenye ndoo uani, nikachukua kanga ya mke wangu kwenye kamba ya nguo, nikaingia. Ilikuwa Julai, na upepo wa Dodoma wa Julai hauhitaji kuelezwa kwa aliyeoga nao. Nilijisugua kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni. Nilikuwa nimejaa povu hadi masikioni niliposikia sauti ya mwanamke nje ya uzio.

"Mbukwenyi!"

Ilikuwa salamu ya Kigogo, na sauti niliijua kupitia kuta nyingi. Hakusubiri kujibiwa. Jumanne, saa nne asubuhi, nani angemjibu? Nikachuchumaa.

Alikuwa amekuja na mdogo wake mke wangu, shemeji yangu, kijana wa maneno mengi. Walizungumza Kigogo, ambacho nilikielewa kuliko nilivyoweza kukisema.

"Lo! Mama, njoo uone chuma!" shemeji akapiga mluzi. "Shemeji kanunua pikipiki, wala hakusema!"

"Labda ya ofisi."

"Ya ofisi huandikwa ubavuni. Hii yake."

"Mbona basi hakwenda nayo kazini?"

Nikiwa nimechuchumaa kwenye povu, nililistahi swali lile. Wakati wa kunipunguza nilihojiwa na kamati nzima, na hakuna aliyeuliza kitu chenye makali namna hiyo.

"Pengine anaogopa vumbi."

"Mwanaume anunue pikipiki Dodoma, kisha aogope vumbi?"

Nilichungulia kwenye tundu la mlango. Alikuwa amenipa mgongo, kama kawaida yetu. Akaliona karai.

"Na hii nini?"

"Oili chafu. Amebadilisha."

"Ile ya kupaka nguzo?"

"Hiyohiyo."

"Mchwa wamenimalizia zizi," akasema, akalivuta karai taratibu hadi ukutani, akalifunika kwa ungo ili kuku wasitumbukie.

Na hapo, chini ya pikipiki, hapakubaki ishara yoyote kwamba kazi haijaisha. Ilionekana kama chombo kilichomaliza matibabu yake.

"Mama, lile gunia tuliloacha stendi kwa mama wa chai, nilibebe mgongoni hadi huku? Acha nilifuate na hii. Funguo zimo."

Zilikuwemo. Niliziacha nilipokuwa nikiipasha moto, kama kitabu kilivyoagiza.

"Si yako hiyo."

"Ya shemeji ni yangu. Tazama, nati imekazwa, oili imebadilishwa. Iko tayari kama bibi harusi."

Nikasikia stendi ya pikipiki ikipanda. Nikajua nimekwisha. Injini bila oili haihitaji kufika stendi ya mabasi. Ingenoki kabla ya kufika barabara ya lami, na kiinua mgongo changu chote kingegeuka chuma cha kuuza kwa kilo. Ilinibidi kusema. Lakini kusema ni kumtangazia mama mkwe kwamba niko hatua chache kutoka alipo, uchi, na kwamba Jumanne saa nne mtu wa ofisi hayuko ofisini. Nilifungua mdomo, na nilichosikia ni meno yangu yakigongana kwa baridi.

Nikaona nitumie njia ya tatu. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni: ukikwama kati ya mambo mawili, tafuta la tatu. Nikaokota jiwe la kusugulia miguu, nikalirusha juu ya ukuta ili limshtue shemeji. Likatua kwenye madigadi ya nyuma. Sauti ya bati jipya likibonyea haifanani na nyingine, hasa ukiwa wewe ndiye mwenye bati.

"Nini hicho?" shemeji akaruka.

Nilimwona mama kwenye lile tundu akiitazama ndoo yenye suruali, kisha kamba ya nguo, kisha maji ya povu yaliyokuwa yakitiririka kutoka chini ya mlango wangu kuelekea miguuni mwake. Akageuka, akauelekea ukuta wa jikoni, akajifunika kanga kichwani. Alipofungua mdomo tena hakusema Kigogo. Alisema Kiswahili.

"Wewe pikipiki."

"Mama, unaongea na chuma?"

"Nyamaza wewe. Pikipiki, kama una neno, sema. Mimi natazama ukuta."

Alikuwa amenifungulia mlango, na sikuwa na njia nyingine ya kutokea.

"Pikipiki," nikasema, na sauti ikatoka kama ya mtu anayefungua kikao, "mwambie kijana asikupige kiki. Oili imetoka na mpya haijaingia. Huna kitu tumboni. Utanoki."

Shemeji akaangua kicheko mpaka akaegemea tenki. "Shemeji! Umo humo? Kumbe bibi harusi ana mwenyewe!"

"Shuka," mama akamwambia.

Akashuka. Nikasikia stendi ikirudi chini, nikakaa kabisa kwenye sakafu ya maji. Nilidhani mazungumzo yamekwisha.

"Pikipiki," mama akasema tena, "mwambie mwenye nyumba tumetoka Kongwa alfajiri. Basi halikusimama popote."

"Pikipiki, mwambie mgeni pole na safari."

"Mwambie tena," akasema, polepole zaidi, "halikusimama po-po-te."

Nilitazama kulia kwangu, kwenye choo. Nilitazama mlango, ambao ulikuwa mmoja. Kumbe sikuwa peke yangu niliyenaswa. Yeye alikuwa amebanwa zaidi yangu, na kwa muda wote ule alikuwa ameuliza habari za vumbi na mchwa.

"Pikipiki, mwambie shemeji alete kanga nyingine."

Shemeji akaitandaza kanga kwa mikono miwili kama pazia, akatembea nayo pembeni yangu kutoka bafuni hadi mlango wa nyumba. Mimi nilikuwa ndani ya kanga ya mke wangu, na povu kichwani. "Pita, pita," akanong'ona, "nani atakuona? Labda Area D yote tu." Mama hakugeuka. Nilipotia komeo la chumbani nikasikia mlango wa bati ukifungwa kwa haraka ambayo sitaieleza kwa heshima yake.

Nilibaki chumbani siku nzima. Dirisha lilikuwa na nondo, nilizoziweka mwenyewe kuzuia wezi. Kupitia nondo hizo nikaimaliza sevisi yangu ya kwanza kwa mikono ya mtu mwingine: nikampa shemeji oili mpya mlangoni, nikarudi dirishani, nikawa namwelekeza. Polepole. Subiri ishuke. Pima kwa kijiti. Ongeza kidogo. "Shemeji," akasema, "unatoa amri kama waziri aliye mahabusu." Akapiga kiki, na injini ikaitika safi. Ile furaha ya kukaza jambo mpaka mwisho niliyoitafuta asubuhi aliipata yeye.

Mke wangu aliporudi, nilisikia mshtuko katika sauti yake. "Mama! Leo? Na mwenye nyumba yuko... leo anaumwa tumbo, hakwenda kazini."

"Apone," mama akasema. Kisha wakaendelea na habari za karanga.

Jioni shemeji alimpakia mama kumpeleka stendi. Alikaa upande nyuma yake, galoni ya oili chafu mapajani, amegeuza uso mbali na dirisha langu. Kabla hawajaondoka aliligonga tenki kwa kidole.

"Pikipiki. Mwambie mwenye nyumba akimwaga tena asitupe, nguzo bado nyingi. Nami nikija nitakohoa kwenye kona. Yeye akiwa bafuni akohoe pia, asitupe mawe."

Niliisikiliza injini ikienda, na kiinua mgongo changu chote na mama mkwe wangu juu yake, nikitega sikio nisije nikasikia inagonga. Ilikwenda vizuri. Sikumbuki kama nilimwambia pikipiki asante.

Jumanne iliyofuata sikwenda Makole. Mkoba wa ngozi nilikuwa nimeshautia spana. Saa nne nilikuwa uani nikikaza cheni nikasikia kikohozi kwenye kona. Nikajibu kwa kukohoa, nikaingia chumbani, nikafunga mlango, na cheni nikaiacha inaning'inia mpaka jioni.