Mvua ya Labda

Mwaka ule niliishi na mama mkwe wangu huko chini ya Siakago, ambako shamba lake la ndengu linashuka hadi mtoni. Mume wangu alikuwa kazini Embu mjini, kwa hivyo tulikuwa wawili tu na mbuzi wetu.

Chifu aliita baraza, akaja na mama mmoja, afisa wa hali ya hewa. Afisa akaeleza kwamba kulikuwa na kimbunga baharini, na sisi wa kando ya mto tujiandae kuhama. Watu wakanong'ona, bahari iko wapi na sisi tuko wapi. Mama mkwe akataka kujua kama mvua itanyesha au haitanyesha.

"Shosho, siwezi kukuapia," afisa akamjibu. "Kimbunga kinaweza kutuletea mvua, na kinaweza kuivuta yote ibaki huko baharini."

"Basi rudi siku utakayoweza kuapa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, lakini sikuamini pia. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mchanga aliyekuwa akiwazungukia wazee wa mtoni, akitaka wamuuzie mashamba. Baraza lilipokwisha nilimwona akisalimiana na chifu, wakicheka. Nikajiambia, kumbe ndicho kimbunga chenyewe, kututisha tuuze.

Kimbunga kikapita. Kwetu jua liliwaka hadi majani ya ndengu yakajikunja.

Cha pili kilipotokea, afisa alirudi kwa miguu, nyumba hadi nyumba. Alituonya tusiangalie wingu la kwetu, kwani mvua huenda ikanyesha juu mlimani. Nikamuuliza wazi ni nani aliyemtuma.

"Hata mimi ningeuliza hivyo," akasema. "Leo pia ni labda. Lakini hapa pangekuwa kwangu, nisingelala hapa."

Alipoondoka nikawafungua mbuzi niwapeleke kwa wifi yangu, karibu na barabara. Mama mkwe akanizibia njia.

"Na wewe wamekununua?"

Neno hilo liliniuma. Nikapita na mbuzi. Alinifuata kwa sababu ya mbuzi, si kwa sababu yangu.

Asubuhi iliyofuata mbingu zilikuwa safi, na huku kwetu halikuwa limeanguka hata tone. Tulikuwa tukiteremka kurudi nyumbani tuliposikia mngurumo. Mto ulishuka mwekundu, umebeba migomba ya watu wa Kianjokoma, huko juu mlimani. Ukachukua ndengu, zizi na jikoni. Nyumba ilibaki, matope yakiwa nusu ya mlango.

Shamba lilijaa mchanga, na yule mfanyabiashara alifika kabla matope hayajakauka. Mama mkwe alimfukuza. Afisa naye alipokuja kutujulia hali, mama mkwe alimuuliza swali moja tu.

"Ulijua?"

"Sikujua, shosho."

Mama mkwe akaniambia nimpe chai. Alimtazama akinywa hadi mwisho, macho hayabanduki, kama anayengoja kusikia mgeni atataka nini.