Shule Iliyopimwa kwa Waliobaki

Nimekana mara nyingi, tena mbele ya watu wenye shahada nyingi kuliko zangu, kwamba niliwahi kuupenda mtihani. Niliupenda. Niliupenda kuliko nilivyowapenda baadhi ya ndugu zangu.

Siku hizi ninaandika na kusema dhidi yake. Nikialikwa kwenye semina ya namna ya kuzipima shule, nasimama na kueleza kwamba karatasi ya maswali haiwezi kutuambia shule ikoje, tuwaulize wanakijiji wanaoishi nayo. Watu hupiga makofi, kisha tunakwenda kunywa chai na sambusa. Na ninayaamini ninayoyasema. Ninachowaficha ni kwamba shule yangu iliwahi kupimwa hivyo hivyo, na kipimo nilikuwa mimi.

Ilikuwa miaka ya sabini, katika kijiji kipya upande wa Kwedizinga. Nasema kipya kwa sababu tulihamishiwa pale kutoka makazi yetu ya zamani, nyumba zikapangwa mstari kando ya barabara kama wanafunzi kwenye paredi. Niliishi na bibi yangu mzaa mama. Nilikuwa nimefanya mtihani wa darasa la saba na ninasubiri majibu, mkaguzi wa shule alipofika na gari la serikali.

Hakuomba kuona madaftari. Aliwakusanya wazazi uwanjani, sisi wanafunzi pembeni, akasema sasa shule haitapimwa kwa kufaulu kwa watoto peke yake. Itapimwa kwa faida yake kijijini, na watakaosema ni wanakijiji wenyewe.

Mara ya mwisho serikali ilipotuuliza maoni, tulijikuta tumehama.

"Semeni tu, ndugu zangu. Shule hii inawafaa nini?"

Mama mmoja aliyekaa nyuma, mtoto mgongoni, akajibu bila kusimama. "Inatumalizia watoto."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka wote kwa pamoja. Mwenyekiti wa kijiji akasimama. Mwanawe alikuwa mtoto wetu wa kwanza kufaulu, kabla hatujahamishwa. Alikwenda Tanga, halafu Dar es Salaam, halafu ikawa hajulikani alipo.

"Ndugu mkaguzi," alisema, "mtoto akiwa mzito tunabaki naye. Akiwa na akili mnamchukua. Sasa sisi tuisifu shule kwa lipi? Mwaka huu aliye wa kwanza abaki. Darasa la kwanza halina mwalimu."

Hakuomba jambo la ajabu. Wakati ule waliomaliza darasa la saba walikuwa wakifundishwa ualimu huko huko vijijini. Mkaguzi alifurahi, akasema maoni ya namna hiyo ndiyo aliyoyafuata. Mwalimu mkuu, ambaye shule yake ndiyo iliyokuwa ikipimwa, alitazama viatu vyake. Wenzangu wakanigeukia. Nilikuwa wa kwanza tangu darasa la tatu, na nilikuwa nimehakikisha kila mtu anajua.

Hakuna aliyenitisha hata kwa neno. Ilianza kwa wema. Bibi aliletewa kuku, kisha doti ya kanga. Kisimani wanawake walinipisha mbele ya foleni.

"Mpisheni mwalimu wetu."

"Shikamoo mwalimu," akasema mmoja mwenye umri wa kunizaa.

Nikasimama na ndoo yangu.

"Itikia basi! Au marahaba yako unawatunzia watu wa sekondari ya Korogwe?"

Wakacheka tena, na tena wakaacha kwa pamoja.

Kisha wakaanza kujenga. Siku za kazi ya kijiji, badala ya kwenda shamba la pamba, wanaume walichimba mashimo ya nguzo nyuma ya nyumba ya bibi. Ilikuwa nyumba ya mwalimu, yangu. Nguzo zikasimama, zikafungwa fito. Kila nilipotoka kisimani nilikuta ukuta umepanda kidogo, na watu wananitabasamia. Wanawake walikanyaga udongo wakiimba, kisha wakaanza kukandika. Mzee mmoja aliniita akaniuliza dirisha nilitaka liwe upande gani.

Nikasema mashariki. Ndivyo nilivyolelewa, mkubwa akiuliza, unajibu.

"Bibi, wanamalizia," nilisema jioni ile tukipukuchua mahindi.

"Naona."

"Na nikichaguliwa?"

"Utakwenda kuwaambia wewe wabomoe?" Alipukuchua hindi zima kabla ya kuendelea. "Mama yako naye aliniaga kwamba anakwenda na kurudi."

Kuanzia hapo niliuwazia mtihani wangu ukiwa umefungiwa mahali fulani mbali, mikononi mwa mtu asiyemjua bibi, asiyemjua mwenyekiti, ambaye hajawahi kuliona lile dirisha. Sijapata kumtumaini mtu kama nilivyomtumaini yule.

Majibu yalipokuja, mwalimu mkuu aliniita nyuma ya ofisi akaniambia kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba. "Umechaguliwa, sekondari, Korogwe. Usimwambie mtu."

Jioni kijiji kizima kilijua. Hakuna aliyenipongeza. Kesho yake walianza kukata nyasi za kuezekea.

Mwenyekiti alikuja kwa bibi, akakataa kiti. "Tukaulize wilayani," alisema. "Walituambia sisi ndio wa kupima. Na binti aje asikie mwenyewe."

Simu ya karibu ilikuwa kwenye ofisi ya shamba la mkonge, upande wa Korogwe. Tulikwenda watatu, mwalimu mkuu mbele, mwenyekiti katikati, mimi nyuma. Karani akazungusha mkono wa simu, akapiga kelele mpaka Handeni ikaitika, akampa mwalimu mkuu. Sauti ya ofisa elimu wa wilaya ilisikika chumba kizima.

Mwalimu mkuu alieleza kila kitu kwa haki: maoni ya kijiji, darasa lisilo na mwalimu, nyumba.

"Amefaulu au hakufaulu?"

"Amefaulu, ndugu."

"Sasa unaniuliza nini?"

"Mkaguzi alisema wanakijiji ndio..."

"Maoni yao tumeyapata, mazuri sana. Nafasi zimeshagawanywa kwa majibu ya mtihani. Jumatatu awe Korogwe."

Mwenyekiti akanyoosha mkono, akapewa simu. Aliishika kwa mikono miwili, akasubiri kwanza aamkiwe, kama inavyompasa mtu wa umri wake. Hakuamkiwa.

"Basi mwakani," akasema polepole, "kwenye mtihani hatumpeleki mtu."

Karani akamwambia kwa adabu kwamba simu imekatwa, upande wa pili hakuna mtu. Mwenyekiti aliyarudia maneno yale yale humo humo kwenye simu, mpaka mwisho, ndipo akairudisha.