Umesikia au Unadhani?

Siku hizi ukitaka kujua nchi jirani kuna nini, zipo taasisi huko mjini, wasomi wamekaa kwenye kiyoyozi wanachambua. Babati ya mwaka themanini na mbili, taasisi ilikuwa kibanda cha cherehani cha Mama Teodori, pale Maisaka, na kiyoyozi ni ule mlango uliokosa bawaba. Usicheke. Watu walitoka hata Bonga kuja kuuliza: Uganda wametulia? Kenya wanafungua mpaka lini? Maana mpaka ulifungwa miaka mingi, na sabuni, mafuta ya kula, hata uzi wa cherehani, vyote vilikuwa vinaingia kwa njia za panya. Dukani kulibaki rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo.

Jina lake hasa lilikuwa Lukresia. Redio ilikuwa yake, ile ndogo ya betri iliyoitwa ya mkulima. Wachambuzi wenzake walikuwa wawili: Mwalimu Valeria, ambaye alikuja na ramani ya Afrika Mashariki imekunjwa mpaka imetoboka pale Nairobi, na Mzee Damasi, aliyerudi kutoka vita vya Uganda na mguu mbovu lakini mdomo mzima kabisa. Walisikiliza Dar, wakahamia Nairobi, wakamalizia Kampala ikikubali kushika. Halafu wanalinganisha. Mzee anasikiliza wanajeshi, Mwalimu anatembeza kidole kwenye ramani, Lukresia anasikiliza kile ambacho hakijasemwa.

Na kulikuwa na sheria moja tu. Kabla hujasema kitu, unatanguliza: nimesikia, au nadhani. Ukichanganya, Lukresia anakutoa nje na wiki nzima huingii. Mzee Damasi alishatolewa, akawa anasikilizia dirishani kama kuku aliyefungiwa.

Sasa ikafika Jumapili ile, mosi mwezi wa nane. Lori la dereva mmoja, Msafiri, lilikuwa limesimama nje ya kibanda tangu alfajiri, limebeba mizigo ya watu pamoja na maharage yote waliyovuna Lukresia na mumewe, Melkiori. Safari ni Namanga, halafu usiku magunia yapande punda yavuke upande wa pili. Melkiori alikuwa anaenda nayo mwenyewe. Ndipo redio ya Nairobi ikasema wanajeshi wamepindua serikali.

Weee! Melkiori akapiga makofi. "Mungu anatupenda! Leo askari wa mpakani wanajua hata wampigie nani saluti? Tunapita mchana kweupe, na punda wanaimba!"

Lukresia hakucheka. Aliinamisha kichwa mpaka sikio likagusa redio. Muziki. Tangazo lilelile la asubuhi. Muziki tena.

"Mwalimu," akasema, "Mombasa wameitaja?"

"Nimesikia kuanzia mwanzo. Hawajaitaja."

"Nakuru? Kisumu?"

Kidole cha Valeria kikatembea, kikarudi. "Hapana. Hakuna."

"Mzee?"

Mzee Damasi akakuna kidevu. "Nadhani huyo kijana anasoma huku anaangalia mlangoni. Pumzi inamkata. Sisi tulipoingia Kampala, mama, tulikuwa tunaongea taratibu mpaka tunaboa."

Lukresia akanyooka. Picha nzima ilishamjia. Mtu aliyeteka nyumba anakuambia jikoni kuko salama, zizini kuko salama, lalani. Hawa walikuwa wanaongelea kizingitini tu.

"Nadhani wameshika redio," akasema. "Nchi hawajashika. Na wakishindwa leo, Baba Teodori, kesho kila kichaka cha mpakani kitakuwa na askari mwenye hasira. Atakayekutwa porini usiku na punda na magunia, nani atamuuliza jina lake?"

"Mke wangu, unanifungia duka kabla sijalifungua!"

"Ngoja basi waseme tena. Ngoja kidogo."

Wakangoja. Lakini betri zile zilishaanikwa juani mara nyingi mno mpaka na jua limezichoka. Sauti ikawa nyembamba kama mbu. Halafu ikakata. Lukresia akaipiga redio kofi, akaipuliza, akageuza betri. Kimya.

Nje Msafiri akapiga honi ndefu.

"Melkiori! Kama mnafanya kikao cha ukoo niambie nikalale!"

Melkiori akatoka. Lukresia akamfuata na tepu ya kupimia inaning'inia shingoni. Mume alishaweka mguu kwenye ngazi ya lori, mkono umeshika mlango. Akageuka, na safari hii hakuwa anatania.

"Nijibu kwa sheria yako mwenyewe. Umesikia, au unadhani?"

Daah. Hapo ndipo pagumu. Neno moja tu, nimesikia, na mguu ule ungeshuka. Nani angejua? Redio imekufa. Lukresia akafungua mdomo.

"Nimesikia mimi!" Ni Mzee Damasi huyo, anakuja mbio kwa kuchechemea. "Nimesikia kwa masikio haya! Wanapigana njia nzima mpaka Namanga, wanaua hata punda!"

Msafiri akazima injini. Utingo wa juu ya magunia akaanza kushuka bila kuambiwa. Melkiori akamtazama mzee, halafu akamtazama mkewe.

"Kweli, Mama Teodori?"

Mzee alimkodolea macho Lukresia, kama anamwambia: mama, nimeshakusaidia, wewe itikia kichwa tu. Na kichwa kilitaka kuitikia, jamani. Uongo ulikuwa umeshaletwa mpaka mlangoni, wala si wake, ni wa kupokea tu. Mumewe angebaki hai.

"Mzee hajasikia kitu," akasema. "Redio imekufa. Hayo ameyatunga. Mimi nadhani tu, Baba Teodori. Lakini nadhani mpaka miguu inaniishia nguvu."

"Mama, wewe una akili kweli?" Mzee Damasi akashika kichwa.

Melkiori alikaa vilevile, mguu mmoja juu, mmoja chini. Msafiri akawasha tena injini, moshi ukawafunika wote.

"Wewe mwanamke," Melkiori akasema polepole, "umepewa uongo wa bure ukaukataa?"

"Nimeukataa."

Akashusha mguu.

"Utingo! Rusha magunia yangu chini!"

Msafiri alitukana mpaka waliokuwa wanatoka misa ya kwanza wakaziba masikio ya watoto. Akaondoka na mizigo ya wengine.

Mchana Melkiori akaenda kwa katekista kusikiliza taarifa ya habari ya Dar. Alisikiliza amesimama. Mapigano Nairobi. Jeshi limekikomboa kituo cha redio. Amri ya kutotoka nje. Katekista akamwuliza mbona anatoka jasho, yeye akashika njia ya nyumbani.

Aliporudi, Lukresia alikuwa anashona, hajainua macho, anaogopa kuuliza. Melkiori alivua shati, akainama, akajitwika gunia la kwanza la maharage kuliingiza ndani. Mzee Damasi akajikongoja kusaidia.

"Wewe kaa nje," Melkiori akamwambia. "Wiki nzima."