Kumpimia Mtani Raba

Mimi kiatu hakinidanganyi. Nikikishika tu, najua tabia yake. Nakikunja: kikikunjika katikati ya unyayo nakirudisha mezani, maana mguu wa mtu haukunjiki pale, unakunjika karibu na vidole. Nakisokota kama ninayekamua nguo. Kikikubali kusokotwa chote, hicho ni cha kwendea sokoni, tenisi hakiiwezi. Halafu naingiza mkono mpaka ncha, nafumba macho, natafuta mshono uliovimba au gundi iliyoganda. Wauza mitumba wa soko la Majengo wamenizoea. Mmoja aliwahi kuniuliza mbele za watu, "Dada, unanunua kiatu au unachumbia?" Nikamwambia nachumbia, na huyu bwana harusi wako kisigino chake kimelegea, niletee mwingine.

Tena naenda jioni, asubuhi siendi. Jua la Dodoma likishakupiga mchana kutwa miguu inavimba, na raba uliyoipima na miguu ya asubuhi itakutesa uwanjani saa kumi na moja. Na soksi navaa zile zile nene za kuchezea. Halafu kuna hili la raba za kike. Mtu anakuonyesha kitu cha rangi ya waridi anakwambia hizi ndizo za kina mama. Weee! Raba ya kike ni kisigino chembamba kinachokushika, na mbele pawe na nafasi vidole vipumue. Tenisi haiendi mbele tu, inaenda ubavu: unakimbilia kulia, unafunga breki, unarudi kushoto. Raba za kukimbilia, na zile soli zao nene laini, ukifunga breki zinakupindua kifundo. Haya yote niliyajua kwa miguu yangu mwenyewe, na nilijivuna nayo.

Nikiukumbuka uwanja wetu unanijia kama kitu nilichokiona kwenye usingizi wa mchana. Ulikuwa nyuma ya nyumba za watumishi, palipokuwa na michongoma na mabati yaliyosahauliwa. Tuliutengeneza wenyewe, kina mama wa pale mtaani, kwa udongo wa kichuguu. Tuliusomba kwa karai, tukaupondaponda, tukaumwagia maji, tukaushindilia mpaka ukawa mgumu na mwororo. Mistari tulichora kwa chokaa. Jioni upepo ulikuja kutoka tambarare, vumbi likainuka likakaa hewani, na mwanga ukapita ndani yake taratibu, hata mtu aliyesimama upande wa pili wa wavu alionekana yuko mbali sana, katika siku nyingine. Mpira uligonga raketi, kimya, ukagonga tena. Kuna siku nilisahau kabisa kama tunahesabu pointi. Soksi zetu zote, hata ukizifua na kuziloweka namna gani, zilikuwa na wekundu wa ule udongo.

Hapo ndipo nilipompata mtani wangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mgogo wa Mpwapwa, mrefu, mwenye kicheko kinachotangulia kufika kabla yake. Mimi ni Mhehe wa Iringa, niliyehamia Dodoma na wizara. Sasa Wagogo na Wahehe ni watani tangu enzi za mababu waliopigana mpaka wakachoka. Mtani anaweza kukusema mbele ya wakwe zako nawe ukacheka. Anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa.

Siku ya kwanza alinikuta nimekaa kwenye gogo pembeni ya uwanja, raba mpya nimeziweka kando. "Kamwene," akanisalimia kwa Kihehe, akiniigiza sauti. Nami nikamrudishia kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Kabla sijafunga mdomo alikuwa ameshazivaa raba zangu na anafunga kamba.

"Ebo! Vua hizo."

"Njoo univue," akasema, akaingia uwanjani. "Nyie Wahehe mababu zenu walitupa shida sana. Leo mnalipa."

Tulikuwa na namba moja ya mguu, ole wangu. Tangu siku hiyo kila raba niliyoinunua ilikuwa yetu sote. Nikimuuliza, "Zinakukaaje?" jibu ni moja: "Safi." Zile za kisigino kilegevu, safi. Zile ngumu zilizonifanya nichechemee njia nzima kurudi nyumbani, safi. Nilimwonea wivu, kwa kweli. Niliwaza, huyu mama Mungu kampa miguu ya shukrani, mimi kanipa miguu ya malalamiko.

Kulikuwa na pea moja nyeupe niliyoipenda sana. Niliifua nikaianika juani juu ya bati, na jua letu halina utani: mshono wa ndani ukakauka, ukasimama, ukawa mgumu kama kucha, mahali kidole gumba kinapogusa. Nilicheza nayo kidogo tu, nikavua, nikaiweka kando nimpelekee fundi. Nilipogeuka, mtani amezivaa. Nikamwambia, "Hizo zina mshono, zitakuumiza." Akanipungia raketi. Alicheza mpaka jua likagusa vilima. Alicheza vizuri kuliko siku zote, alikuwa anaufuata kila mpira, na mimi nilikaa kwenye gogo nikamwangalia tu, raha yake ikanijaa hata mimi.

Baadaye tulikwenda bombani kuosha miguu, ilivyokuwa desturi yetu. Soksi yake ilikuwa nyekundu. Zetu zote zilikuwa nyekundu, nani angeangalia mara mbili? Aliivua akaitupa pale kwenye soksi zetu, akaweka mguu chini ya maji, akaendelea kutusimulia habari za mwanafunzi mmoja aliyemchekesha darasani. Maji yakatiririka mekundu. Nikasema, "Huu udongo wa kichuguu hautoki," nikainama nimsugue kwa kidole changu, kama mtu anavyomsugua ndugu yake. Udongo ukatoka. Wekundu ukarudi.

Kidole gumba kilikuwa kimechanika pembeni, ngozi imefunguka. Nilipiga kelele. Yeye aliacha kusimulia, akautazama ule mguu kwa udadisi, kana kwamba mtu kausahau pale bombani.

"Mbona hauumi," akasema.

Wenzetu walipoondoka ndipo akaniambia. Alikuwa na sukari, kwa muda mrefu, na alikuwa anameza dawa zake kimya kimya. Na miguu, akasema, ilianza kuondoka polepole: kwanza ganzi ya vidole, halafu nyayo, halafu siku moja alikanyaga kaa la moto jikoni akalijua kwa harufu. "Miguu hii, mtani, ina siku nyingi haisemi na mimi." Hakutuambia kwa sababu alijua tungemkalisha kwenye gogo awe mshika chupa za maji. Na tenisi, akasema, ndiyo saa pekee katika siku nzima ambayo hakuna anayemwita mwalimu, mama wala mgonjwa.

Nilimpeleka kliniki mwenyewe, sikumwachia nafasi ya kukataa. Muuguzi alimwambia wazi, mimi nikiwa nimesimama pale pale: acheze kidonda kikipona, hakatazwi, lakini asiruhusu tena hata lengelenge, maana kidonda kingine kinaweza kuuchukua mguu. Mtani akaitikia kwa kichwa. Tulirudi kwa bajaji. Tulipokaribia nyumbani akaniambia kwamba shangazi yake kule Mpwapwa alianza hivyo hivyo, na alimaliza maisha yake akikaa kwenye mkeka mlangoni, akiangalia njia. Nikamshika mkono. Nilimpenda sana yule mtu, na niliogopa sana.

Kidonda kilichukua muda wake. Mvua zilikuja, uwanja ukalala chini ya maji mepesi, vyura wakauteka. Yakapita mawingu, tukaushindilia upya. Wakati huo wote mimi nilikuwa natafuta raba. Safari hii nilikuwa napima kwa ajili ya mguu usiosema, na loo, ni kazi nyingine kabisa. Niliingiza mkono kila kiatu, nikazungusha vidole polepole. Nilikataa zilizochongoka mbele, nikakataa za ngozi ngumu, nikakataa zenye mishono ya urembo. Yule muuzaji wa Majengo hakunitania tena. Nadhani uso wangu ulimwambia.

Mwishowe nikapata pea moja ya kijivu, pana mbele, imara ubavuni, soli ina mistari midogo ya kupindapinda inayoshika udongo bila kuuchimba. Ndani ni laini tupu. Nikaamua kuzivaa mimi kwanza, ili kama zina ubaya, ubaya unipate mimi. Nilizivaa jikoni nikisonga ugali. Nilizivaa nikifagia uwanja. Jumapili moja baada ya ibada nililala nazo kitandani, dirisha wazi, pazia linapumua, nikaota natembea Bahi mwaka wa mvua nyingi, kati ya majaruba ya mpunga, maji yananifika vifundoni wala hayaniloweshi. Mbele yangu mtani alikuwa anatembea peku. Nilikuwa namwita nimpe raba na yeye anaenda tu, haachi hata alama kwenye tope. Niliamka nikiwa na jasho, nikavua, nikakagua miguu yangu yote miwili. Haikuwa na hata alama.

Nilipompelekea, tuligombana. Utani uliisha kabisa, tukagombana.

"Zinakukaaje?"

"Safi."

"Usiniambie safi! Hujui kama ni safi. Utajuaje?"

Nikainama nimbonyeze mbele nione kidole kimefika wapi. Akauvuta mguu. "Mimi si mtoto wa kuvalishwa viatu," akasema. "Nimefundisha watoto wa watu kufunga kamba, leo wewe unipapase miguu?" Alisema kwa sauti ya darasani, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Nikamwambia kwamba mimi miguu yangu inalalamika kwa ajili ya watu wawili, kwa hiyo aitumie, ndiyo faida ya kuwa na mtani Mhehe. Hakucheka, akazivua tu. Nikazichukua zile raba nikaondoka nazo, kwa hasira, halafu nikalia njiani, halafu nikarudi nikaziacha mlangoni kwake bila kubisha hodi. Nilijua siwezi kukaa ndani ya viatu vyake kila siku. Kama atataka kuficha, ataficha, na mguu utakwenda, na mimi nitakuwa nimekaa pale uwanjani najidai kujua viatu.

Siku aliyorudi, tulikuwa tumemwagia uwanja maji mchana na udongo ulikuwa unanuka mvua. Joto lilikuwa kali bado. Alikuja kwa miguu kutoka shuleni, moja kwa moja, raketi begani, zile raba za kijivu mguuni. Wenzetu walimshangilia kwa vigelegele. Mmoja alikuwa ameshasimama upande wa pili wa wavu, anadundisha mpira, anamwita, "Mwalimu, njoo, tumekungoja mpaka tumezeeka!" Mtani akacheka kile kicheko chake. Akaja kukaa kwenye gogo kando yangu akaze kamba.

Alizikaza. Akasimama, akapiga hatua za ubavu, kulia, kushoto, akafunga breki, na soli zikashika udongo vizuri sana. Nilitamani acheze. Sijui kama nimewahi kutamani kitu namna ile. Wenzetu wakapiga makofi. Akafika kwenye mstari wa chokaa akasimama, akatazama chini miguuni kwake muda kidogo, na upepo ukapita, na sote tukapotea kidogo ndani ya vumbi lile lenye mwanga.

Kisha akageuka akarudi. Akakaa, akaunyoosha mguu kwangu, na kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake akauliza:

"Mtani, zinanibana?"

Nikabonyeza. Mbele palikuwa na nafasi. Kisigino kilikuwa sawa. Nikabonyeza pembeni, pale kidole kidogo kinapolala, na kitambaa kilikuwa kimetanuka kama ngoma, hakina hata nafasi ya kucha. Mguu wake ulikuwa umevimba kwa joto na kwa mwendo wa kutoka shuleni, kuliko wangu ulivyowahi kuvimba. Nikainua macho. Kule uwanjani mpira ulikuwa unadunda, unadunda, unamngoja.

"Zinakubana, mtani," nikasema. "Kidole kidogo."

Akanitazama. Halafu akainama, akafungua kamba alizozifunga muda ule ule, akavua ya kulia, akavua ya kushoto, akavua na soksi. Akawapungia wenzetu mkono waendelee. Akageuka kwenye gogo, akaniwekea miguu yake mapajani, na mimi nikaanza kuikagua, kidole kwa kidole, huku yeye akiangalia mchezo.